Samaki Asiuzwe Siku Moja na Tangi Lake

Hotuba kwa wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili, Minnesota, Marekani

Shikamooni wazee wangu. Akina mama na akina baba, habari za mchana. Vijana, hamjambo. Na ninyi watoto mliokaa mbele, karibuni sana, maana wengi wenu ndio mnaolisha hao samaki kila siku.

Niliombwa niseme juu ya kufuga samaki wa mapambo. Nyumba nyingi za kwetu hapa zina tangi la kioo sebuleni, na nyumba nyingi pia zina tangi tupu gereji, limewekwa juu ya maboksi baada ya samaki kufa. Wenye matangi matupu hunijia na maneno yale yale: "Mimi sina mkono wa kufuga." Si kweli. Wengi wenu mmekulia kwenye nyumba zenye kuku, mbuzi na ng'ombe; kufuga mnakujua. Samaki wale walikufa kwa sababu ya namna walivyouzwa, na ndiyo maana leo nitazungumza juu ya duka zaidi kuliko juu yenu. Nimefanya kazi katika sehemu ya samaki ya duka moja kubwa, na mengi ya nitakayoyasema nimeyaona kwa macho yangu.

Dai langu ni moja, nalisema mapema: duka lisimuuzie mtu tangi na samaki siku moja. Mteja aondoke na tangi, alijaze maji, aliandae, arudi baada ya wiki nne, tano, hata sita, akiwa na maji kidogo kwenye chupa. Maji yapimwe mbele yake. Yakiwa salama, ndipo auziwe samaki. Duka likikubali hilo moja tu, samaki wengi sana watapona.

Tuanze na maji yenyewe. Samaki hutoa taka mwilini kwa njia ya amonia, na sehemu kubwa ya amonia hiyo haitoki kwenye kinyesi; hutoka kwenye matamvua, palepale anapopumulia. Ziwani haimdhuru, maji ni mengi na yana viumbe wa kuimaliza. Kwenye tangi la galoni tano, yaani kama lita 19, amonia haina pa kwenda. Inamrudia. Inaunguza matamvua yake, anaanza kuhema juu karibu na hewa, anabana mapezi ubavuni, anaacha kula. Na maji ukiyatazama ni meupe pe! Hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwa sababu maji yanayoua samaki huwa safi kabisa kwa macho.

Wanaomwokoa ni bakteria. Kuna kundi linaloila amonia na kuigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu. Huingia kwenye damu ikaifanya ya hudhurungi, isiweze kubeba oksijeni, na samaki akakosa pumzi katikati ya maji yenye hewa ya kutosha. Kisha kuna kundi la pili linaloila nitriti na kuigeuza kuwa nitrati, ambayo haina makali hayo, na ambayo unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao hujenga makao kwenye sponji ya chujio, kwenye changarawe na kwenye kuta za tangi. Tangi jipya hawamo. Hukua polepole, kwa wiki kadhaa, na hawaji kwa sababu umeweka maji tu. Wanahitaji amonia kidogo ya kula, ambayo unaweza kuitia mwenyewe kwa matone, bila samaki yeyote ndani. Kumtia samaki kwenye tangi jipya ni kuhamishia familia kwenye nyumba ambayo choo chake bado hakijachimbwa, ukafunga mlango kwa nje.

Sasa tazameni mambo yanavyokwenda Jumamosi. Mama kaingia na mtoto. Mtoto kaahidiwa samaki kwa sababu kafaulu shuleni. Tangi limo kwenye boksi lenye picha ya samaki wanaocheka. Kwenye toroli vinaingia tangi, chujio, changarawe za rangi ya waridi, kopo la chakula, kajumba ka plastiki. Mfanyakazi anaitwa kwa kipaza sauti, anakuja mbio kutoka kwenye rafu za chakula cha mbwa, anawavua samaki sita, anawafunga kwenye mfuko. Wanakwenda kulipa. Hakuna aliyeuliza tangi limewekwa lini. Jibu lenyewe linaonekana, liko kwenye toroli hilohilo.

Siku ya nne samaki wawili wako juu wanahema. Kufikia wiki ya pili kabaki mmoja.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Maduka mengi yana dhamana: samaki akifa ndani ya wiki mbili, kwingine ndani ya mwezi, mlete pamoja na risiti, utapewa mwingine. Watu huona huo ni wema. Mimi nilipokuwa kaunta nikipokea samaki waliokufa, wamefungwa kwenye mifuko ya sandwichi, niliona ni kitu kingine. Kifo kimeshawekwa kwenye hesabu. Kumpa mteja samaki mwingine ni rahisi kuliko kumweka mfanyakazi aongee naye robo saa. Na huyo samaki wa pili anaingia kwenye maji yaleyale yaliyomuua wa kwanza.

Simlaumu mfanyakazi. Wengi ni vijana wa umri wa watoto wenu wakubwa, wanalipwa kidogo na kupangiwa kazi tatu kwa wakati mmoja. Nitawaeleza jambo moja tu la nyuma ya duka, mwone ujuzi unaohitajika.

Samaki anaposafirishwa hufungwa kwenye mfuko wenye maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili. Kwa saa nyingi anapumua humo na kutoa hewa ya ukaa, ambayo huyatia maji asidi. Kwenye maji ya asidi, amonia nyingi hukaa katika umbo la amoniamu, ambalo halina makali sana. Kwa hiyo mfuko uliofungwa, pamoja na uchafu wake, unamlinda. Ukiufungua, hewa ya ukaa inatoroka, asidi inapungua, na ile amoniamu inarudi kuwa amonia kali ndani ya dakika chache. Anayejua huuacha mfuko umefungwa, ukaelea mpaka joto la maji lilingane, kisha huufungua na kumtoa samaki mara moja kwa neti bila kuyamwaga maji yale kwenye tangi. Asiyejua hukata mifuko yote, akaipanga wazi, akaitwa mbele kusaidia mteja, akarudi baada ya nusu saa. Nimeshuhudia boksi zima likifa hivyo asubuhi moja, na kila aliyekuwepo alidhani samaki wamekuja wagonjwa.

Tena matangi yale mnayoyaona ukutani, moja juu ya jingine, mara nyingi yanatumia maji mamoja. Maji huzunguka kwenye chujio moja na kurudi kote. Ugonjwa wa madoadoa meupe ukiingia tangi moja, kimelea chake hujidondosha chini, hujigawa mpaka kufikia mamia, halafu watoto wake huogelea kutafuta samaki wengine. Dawa humuua akiwa katika hatua hiyo ya kuogelea peke yake, ndiyo maana tiba hurudiwa siku baada ya siku. Kwa hiyo ukiona samaki mwenye chembe nyeupe au aliyekufa kwenye tangi lolote la duka, usinunue hata kwenye tangi la jirani, na umwambie meneja kwa nini hununui. Neno la mteja anayeondoka bila kununua lina uzito kuliko barua kumi.

Kuna samaki mnaowaona kwenye vikombe vya plastiki, wamepangwa rafuni kila mmoja peke yake. Huyo ni beta, asili yake Thailand na nchi za jirani, na mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Mungu alimjalia kiungo cha kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana kwao anaweza kuishi kwenye maji ya mashamba ya mpunga yenye oksijeni kidogo. Kipaji hicho kimegeuzwa kisingizio cha kumnyima nafasi. Hafi upesi kwenye kikombe, basi watu wakasema kikombe kinamtosha! Joto lake ni kati ya nyuzi 24 na 28, na duka la Minnesota wakati wa baridi halifiki huko. Maji ya kikombe kimoja huchafuka kwa muda mfupi. Na madume haya hupigana, kwa hiyo vikombe vikipangwa bega kwa bega yanakaa mchana kutwa yakitunishiana mapezi kupitia plastiki, hayawezi kukutana wala kukimbiana. Kama duka linamtaka beta, lina kila uwezo wa kumwekea tangi lenye vyumba na maji yenye joto.

Samaki wa dhahabu naye anauzwa akiwa na urefu wa kidole cha mtoto, kwa bei ya soda. Nani anaambiwa kwamba akitunzwa anaweza kupita miaka ishirini? Kule Uingereza kulikuwa na mmoja aliyeitwa Tish, alipatikana kama zawadi ya mchezo wa maonyesho mwaka 1956, akaishi miaka 43. Bakuli la duara halimtoshi hata utotoni. Mji wa Monza, Italia, ulipiga marufuku mabakuli hayo mwaka 2004, na Roma ikafuata. Hapa kwetu mwisho wake unajulikana: samaki anakua, bakuli linazidiwa, familia inamwonea huruma, inakwenda kumwachia ziwani. Mwezi Julai 2021 mji wa Burnsville, hapa hapa Minnesota, uliwaomba watu waache, baada ya samaki wa dhahabu kukamatwa katika ziwa Keller, wengine wakubwa kama mpira wa mchezo wa Kimarekani. Wanachimbachimba tope la chini, wanang'oa mimea, maji yanaharibika, na samaki wenyeji wanaumia. Huruma ya mtu mmoja asiyeelezwa lolote dukani imekuwa taabu ya ziwa zima.

Niruhusuni sasa niseme la nyumbani.

Kwetu ni Kyela, upande wa Matema, ambako milima ya Livingstone inashuka hadi ndani ya Ziwa Nyasa. Pale kwenye miamba wanaishi samaki wadogo wa rangi za kila aina, ambao dunia nzima ya wafugaji inawaita mbuna, jina walilopewa na watu wa ng'ambo ya ziwa, Malawi. Katika duka kubwa la Marekani utawakuta kwenye tangi moja lililoandikwa tu kwamba ni mchanganyiko wa Afrika. Wengi siku hizi wamezaliwa kwenye mashamba ya samaki, Florida na kwingineko, lakini miili yao bado ni ya ziwa lile. Wanataka maji magumu, yasiyo na asidi. Wanakwangua mwani kwenye mawe, utumbo wao ni mrefu kwa ajili hiyo, na ukiwalisha vyakula vya nyama nyama tumbo linavimba na wanakufa. Wanagombania pango, kwa hiyo tangi lisilo na mawe ni vita isiyo na pa kujificha. Lebo ya duka haisemi hata moja kati ya hayo.

Na mbuna ni walezi. Jike hutaga, huyakusanya mayai mdomoni, hukaa nayo humo kama wiki tatu bila kula, mpaka watoto wawe tayari kuogelea.

Nilimwona jike mmoja wa njano, wa aina iitwayo Labidochromis caeruleus, kidevu kimemtuna, amejibana nyuma ya bomba la chujio kwa sababu jiwe halikuwepo. Mteja akamnyooshea kidole yule yule. Mfanyakazi akaingiza neti, akamkimbiza pembe hii mpaka pembe ile. Neti ilipombana kwenye kioo, akawatema watoto wake. Walikuwa wameshaota macho na vimkia, na kiini cha njano kimening'inia tumboni. Wakashuka taratibu kwenye changarawe, na samaki wengine wakawala wote kabla neti haijatoka majini. Mteja hakuona chochote. Mfanyakazi aliona lakini hakujua ameona nini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha. Akafunga mfuko, akabandika bei.

Mzee mmoja aliniambia wiki iliyopita: "Mwanangu, sisi tunakula samaki. Huyu wa kwenye kioo ana nini hata tumlilie?" Swali zuri, na nalijibu kwa heshima. Mimi pia nakula samaki, na mtoto wa Kyela akikwambia hali samaki usimwamini. Lakini hata tunapochinja, wengi wetu tumelelewa kwamba kisu kinolewe, mnyama asiteswe. Huyu wa dukani hakununuliwa ili aliwe. Amenunuliwa aishi, ameuzwa kwa ahadi ya kuishi, halafu anaungua matamvua kwa siku nne mbele ya mtoto.

Na kwamba anahisi, si maneno ya huruma tu. Mwaka 2003, huko Uskoti, Lynne Sneddon, Victoria Braithwaite na Michael Gentle walionyesha kwamba samaki aina ya trauti ana neva za kupokea maumivu usoni. Waliodungwa sumu ya nyuki au asidi ya siki mdomoni walikawia sana kurudi kwenye chakula, wakayumbayumba chini ya tangi, na wale wa asidi wakawa wanasugua midomo yao kwenye changarawe. Sneddon pia aliwapa wengine mofini, na dalili hizo zikapungua. Mimi hilo linanitosha.

Sheria inasemaje? Sheria ya serikali kuu ya Marekani ya ustawi wa wanyama, ya mwaka 1966, haimhesabu samaki. Inawahusu wanyama wenye damu ya joto. Hapo ndipo duka linapopata upenyo. Lakini sheria ya jimbo letu la Minnesota dhidi ya ukatili, sura ya 343, inasema mnyama ni kila kiumbe hai isipokuwa binadamu. Samaki yumo. Uingereza, sheria ya mwaka 2006 inawalinda wanyama wote wenye uti wa mgongo, samaki wakiwemo, na inakataza kumuuzia mnyama mtoto wa chini ya miaka 16. Ujerumani, anayefanya biashara ya wanyama hao sharti awe na kibali na aonyeshe kwamba anaijua kazi. Kwa hiyo ninachokidai hakijatoka mwezini. Na wenye maduka wanaweza kubadilika: Walmart, waliouza samaki hai kwa miaka mingi, waliacha mwaka 2019. Sisemi kila duka liache. Wapo wenye maduka madogo ya samaki wanaokataa kukuuzia mpaka wapime maji yako, na nimeona wateja wakikasirika, kisha wakarudi kwao miaka yote. Duka kubwa lina fedha zaidi yao. Linaweza kumfundisha mtu mmoja kwa kila zamu.

Sasa ninyi. Msinunue samaki siku ya sikukuu ya mtoto. Mpeni tangi siku hiyo, na mtoto awe ndiye mpimaji wa maji kila wiki. Mtashangaa jinsi watoto wanavyoipenda kazi hiyo. Msitegemee ile desturi yetu ya kukinga maji kwenye ndoo yalale usiku kucha. Desturi hiyo hufaa kwa klorini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya bomba, lakini miji mingi ya hapa hutia kloramini, ambayo hailali ikaisha. Nunueni dawa ya matone ya kuiondoa, ni ya bei ndogo. Januari, nje nyuzi 20 chini ya sifuri, msitembee na mfuko wa samaki mkononi mpaka kwenye gari. Nendeni na boksi la kuhifadhia baridi, hilohilo la kwenda nalo pikiniki, linahifadhi na joto pia. Na samaki akiwashinda, rudisheni dukani au niiteni. Ziwani hapana.

Pale mlangoni nimeweka meza. Kuna kipimo cha amonia cha matone: maji yakibaki ya njano amonia haimo, yakigeuka kijani amonia ipo. Waliokuja na maji yao kwenye chupa tutapima sasa hivi, na ambao hawakuja nayo waje nayo Jumamosi ijayo. Pembeni yake kuna barua kwa mameneja wa maduka tunayonunua, inayoomba lile jambo moja, tangi kwanza na samaki baadaye. Imeandikwa kwa Kiingereza, na vijana wawili wako pale kuwasomea kwa Kiswahili kabla hamjatia sahihi. Asiyekubaliana na mstari wowote aniambie ni upi, tutaurekebisha leo, kwa sababu Jumatatu naipeleka.